Vichwa vya Samaki Jikoni Kwangu

Mwenzenu nilikuwa nimefuata ndoo tu. Ndoo ya plastiki, mpini umekatika, nimefunga kamba ya katani. Faith aliisahau bwawani na jua lilikuwa linazama, nikasema ngoja nikimbie kabla wenye tabia zao hawajaibeba.

Faith ni mtoto wa kaka yangu Simeoni, wa Manyoni. Yuko chuo kikuu, anasomea samaki. Nyie! Siku naambiwa nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mtu anasomea samaki miaka mitatu, mimi nimesomea dakika tano kwenye kikaango! Basi likizo ndefu ikafika, akapangiwa fildi hapa kwetu Ulemo, wiki nane, chini ya bwana samaki wetu, Sixbert. Akafikia kwangu. Nilivimba kichwa! Sokoni nilikuwa sipiti bila kusema mimi ni shangazi wa mtaalamu.

Kazi yake ilikuwa kupima perege, urefu na uzito, halafu anapasua kichwa. Humo ndani, karibu na ubongo, kuna vijiwe vyeupe, vidogo vidogo. Samaki anasikia kwa vijiwe hivyo. Faith anavitoa kwa kibanio, anavitia kwenye bahasha, chuoni wanavisoma kama unavyosoma shina la mti, wanajua samaki ana umri gani.

"Kwa hiyo huyu anasikia?" nikamuuliza.

"Anasikia vizuri tu, shangazi."

"Basi ameshasikia umbea wangu wote!"

Tulicheka siku hiyo mpaka Damari, jirani yangu, akaja kuuliza kuna nini.

Sasa hapa kwetu, kichwa cha samaki wa lile bwawa hakiingii ndani ya nyumba. Wavuvi wanakikata palepale ukingoni, wanakirudisha majini jua likiwa bado lipo. Kwa nini? Hatuulizi. Hata Sixbert alimwambia Faith, pasulia huku huku, vichwa virudishe. Lakini ilikuwa Julai, upepo wa jioni unakata, mtoto anatetemeka na kibanio mkononi. Mimi ndiye niliyesema, "Lete nyumbani mwanangu, upasulie jikoni kwenye moto. Hayo ni mambo ya wazee."

Mimi. Wala si mwingine.

Akimaliza, vile vichwa nawatupia mbwa.

Basi nikafika bwawani. Hakuna mtu. Hata vyura kimya. Ndoo naiona... na kando ya ndoo amekaa bibi.

Mzee sana. Kitenge kimeloa, amejifunga kilemba mpaka chini ya kidevu. Halafu harufu... tope. Lile tope la chini kabisa, ambalo halijawahi kuona jua.

"Shikamoo," akaninong'oneza.

Jamani! Mtu mzima kuliko marehemu mama yangu, ananipa mimi shikamoo! Nikacheka. Nikaitikia marahaba. Watu wazima wenzangu, hapo ndipo ningekimbia.

"Yule binti anayepasua vichwa," akasema polepole, "ni wa nani?"

Na mimi mdomo wangu mnaujua. Nikaona huyu ni mgeni, hajui sifa zetu. Nikaketi kwenye jiwe kabisa.

"Huyo ni Faith! Faith Simeoni. Baba yake ndiye kaka yangu, fundi wa reli. Mama yake Theodora, wa Itigi. Msomi huyo, bibi, siku moja mtamwona kwenye televisheni!"

"Analala wapi?"

"Chumba cha uani, karibu na banda la mbuzi."

"Kichwa anakielekeza wapi?"

"Dirishani."

Nilijibu hivyohivyo, kama ninaulizwa bei ya alizeti.

Akatabasamu. Ndipo nikagundua kitu. Muda wote ule alikuwa hajanitazama machoni hata mara moja. Alikuwa ananitazama mdomo.

Akafungua kilemba, taratibu, akakikamua maji.

Hakuwa na masikio.

Si kwamba yamekatwa. Hapana. Palikuwa na ngozi tu, laini, inang'aa kama tumbo la perege.

"Asante, mama," akasema. Akainuka, akaingia majini anatembea, maji hayakutoa hata sauti ya chubwi.

Ndoo sikuichukua. Nilikimbia, kandambili zikabaki njiani, napiga kelele, "Faith! Faith weee!"

Nikamkuta jikoni, amenipa mgongo, kibanio mkononi. Redio inaimba. Mbuzi wanalia kama wanachinjwa.

"Faith!"

Hakugeuka.

Nikamshika bega. Akaruka. Akanitazama, macho yamemtoka.

"Shangazi... mbona kumekuwa kimya hivi?"

Hospitali walimpima wiki mbili. Daktari mmoja akasema homa, mwingine akasema mishipa. Mimi na Damari, yeye peke yake niliyemsimulia habari za yule bibi, tulizibeba bahasha zote za vijiwe tukazimwaga bwawani. Tukangoja. Hakuna kitu. Damari akaninong'oneza, "Vijiwe vyao wamevipata. Lakini Anastazia, mtoto ulimtaja wewe." Fildi ikaishia hapo, chuo kikaishia hapo. Simeoni alikuja kumchukua, akaniuliza mara moja tu, "Dada, ilikuwaje?"

Nikasema sijui.

Mimi, ninayejua nani kaachwa Ulemo nzima kabla mwenyewe hajajua. Nikasema sijui.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia, nikapanda basi mpaka Manyoni. Nilifika magharibi. Faith amekaa barazani peke yake, amekonda, anatazama ukuta. Nikasimama nyuma yake. Nikaona nafuu hiyo, asinione, asinisikie. Nikamwambia yote. Bibi, shikamoo, dirisha, yote. Nikaomba msamaha pale mgongoni kwake, machozi yananitiririka mpaka shingoni.

Nilipomaliza akainamisha kichwa pembeni, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

"Abee, bibi," akasema.

Barazani hapakuwa na mtu mwingine.

"Ndiyo, amekuja. Anaitwa Anastazia... Ulemo, nyumba ya bati jipya... Chumba cha mbele, kushoto ukiingia."

Ningeweza kumziba mdomo. Mkono niliunyanyua kabisa.

Nikaushusha. Nikamwacha amalize.