Mwache Asimame

Ziada alimvalisha mumewe viatu, kisha akaanza kumpulizia chai.

"Mama Anifa, mdomo wangu bado unapuliza," Mselemu alisema.

"Nyamaza, unywe."

Miaka ile biashara huria iliporuhusiwa, Mselemu huyu alishuka stendi na robota la vitenge begani. Watu waliozoea kupangia foleni khanga moja walimkimbilia. Alitembea hadi kijijini Unyambwa akiimba. Ziada aliikumbuka sauti ile.

Sasa figo za Mselemu zilikuwa zimeshindwa kazi. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Miguu ilikuwa na ganzi. Siku moja alirudi kutoka msikitini mwiba wa mbigili umezama unyayoni, damu inatoka, naye hana habari. Tangu hapo Ziada alimkataza kutembea. Kila kitu alimletea kitini. Baada ya miezi miwili, Mselemu hakuweza kuinuka bila kushikwa. Ziada aliogopa kwamba hatasimama tena.

Hospitalini walimkuta Stumai, muuguzi wa mashine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Namtunza kama yai, mbona anaisha?"

"Ndiyo shida, mama. Yai halina miguu."

Mselemu alicheka. Ziada hakucheka.

"Figo zikishindwa, uchafu hubaki kwenye damu," Stumai alieleza. "Huharibu mishipa ya fahamu, hasa ya miguuni. Ndiyo ganzi hiyo. Misuli nayo hulegea, na isipotumika hunyauka. Mashine husaidia, kwa hiyo asikose hata siku moja."

"Basi kosa ni langu?"

"Ni ugonjwa, mama. Ila kukaa tu kumeupa nguvu."

Daktari alimpima Mselemu, akaruhusu mazoezi: kuinuka kitini mara tano, ameshika meza. Akisikia kizunguzungu au kifua kubana, aache na aseme. Kila siku nyayo na viatu vikaguliwe.

Nyumbani, Ziada alijifunga mikono kwa khanga asije akamshika. Mapaja ya Mselemu yalitetemeka. Akaanguka kitini.

"Kumbe mimi ni mzito kuliko robota!"

"Rudia, Baba Anifa," Ziada alisema, machozi yakimlengalenga.

Alirudia kesho yake, na siku iliyofuata. Ganzi haikuisha, lakini mapaja yalipata nguvu.

Ijumaa moja, baada ya miezi mitatu, Ziada alitoka kuanua nguo akakuta kiti kitupu. Alikimbilia mlangoni. Mselemu alikuwa njiani, na mkongojo, polepole, akielekea msikitini.

"Wewe! Umekagua viatu?"

"Nimekagua! Na nyayo pia!"

Ziada alishika mwimo wa mlango. Hakumfuata.