Nakala Iliyo Nje ya Hesabu

Jioni ile Nives alikwenda kwa marehemu kumalizia kazi ya mwisho: kuiharibu kalibu ya kumiminia fedha. Ndivyo wafanyavyo mafundi wa fedha wa Arezzo. Nakala thelathini zilizoahidiwa zikishatoka, kalibu inakwaruzwa, asije mtu akasubu ya thelathini na moja.

Uso ulio kwenye kalibu ulikuwa wa Fosca, binti wa Nives wa miaka saba, amelala.

Marehemu, Mzee Ottorino Bardelli, alianza kwa kuchonga malaika wa makaburini, akapanda mpaka sanamu zake zikasimama katika viwanja vya Milano. Sifa alizipata tele, ila kila aliyemsifu alimalizia kwa neno lilelile: nyuso zake zimekufa. Neno hilo lilimla miaka arobaini. Uso huu wa fedha tu ndio ulioonekana kama unapumua, na Nives, aliyezisubu nakala zote thelathini, hakuwahi kuupenda.

Akapitisha patasi. Krrr... shavu hadi shavu. Akasikiliza.

Kimya. Akajicheka kwa woga wake.

"Umemaliza, mwanangu?" Clelia, dada wa marehemu, alinong'ona mlangoni. "Wanaziba jeneza. Njoo umuage."

Chumba cha pili kilinuka lehemu. Fundi alikuwa ameinamia kifuniko cha bati, umebaki upande mmoja.

Simu ya Nives ikalia. Mumewe, Duilio.

"Nives, rudi! Mtoto kalala tangu saa kumi, haamki. Anakwaruza ukuta usingizini. Anasema giza... anasema ananusa bati linaungua. Midomo imekuwa ya buluu!"

Nives akamgeukia Clelia. "Mmemwekea nini humo ndani?"

"Nakala yake tu. Si kila msanii hujiwekea yake, nje ya hesabu? Aliisubu mwenyewe. Akausia alale nayo kifuani."

"Fungueni!"

"We mama, una wazimu?" fundi akafoka. "Nimeshaziba pande tatu!"

Nives akasogea jenezani. Alichomeka patasi, akakandamiza kwa uzito wake wote. Bati likalia.

Nyuso thelathini alizozisubu zilikuwa zimefumba macho.

Huu, kifuani mwa mzee, ulikuwa umeyafumbua.

Akaunyakua. Simuni akasikia kikohozi, kisha Fosca akilia, "Mama yuko wapi?" Akakaa sakafuni, akalia kwa furaha bila aibu.

Kisha akaugeuza uso ule. Nyuma yake, limebanwa ndani ya fedha, palikuwa na jino dogo jeupe. Akakumbuka. Fosca alipokuwa akikaa kuchongwa, mzee alimpa peremende, akamwomba meno yake yaliyong'oka, eti ya bahati.

Meno. Yalikuwa mawili.

Chini ya jino, kwa mwandiko wa mzee: *Nakala ya msanii, ya kwanza kati ya mbili.*

"Clelia... ya pili iko wapi?"

"Ya pili?" Bibi akajifuta macho. "Si aliiuza wiki iliyopita. Kwa bwana mmoja mgeni, mgonjwa sana, hana siku nyingi, masikini ya Mungu. Jina hata sikuuliza."