Tanuri la Lukresia

Miaka ile ya sabini, siku ya gulio pale Runzewe, ungesikia harufu ya maandazi ya Lukresia kabla hujamwona mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda, mguu wa kushoto ameunyoosha pembeni. Mguu huo uliishiwa nguvu tangu utotoni, naye alitembea kwa fimbo. Lakini mikono! Mikono ile ilikanda unga mpaka unga wenyewe ukachoka.

Maandazi yaliisha mapema. Hata hivyo madereva wa malori hawakuridhika.

"Mama, mkate huna?" waliuliza. "Andazi halinifikishi Biharamulo."

Lukresia alijua kuoka mikate. Alijifunza akiwa msichana, jikoni kwa masista kule Ushirombo. Ila tanuri hakuwa nalo, wala vyombo vya kuokea. Unga wa ngano alinunua kidogo kidogo katika duka la Mohsin.

Siku moja Bibi Maendeleo wa tarafa, jina lake Generosa, aliwaita wanawake kwenye ofisi ya kijiji.

"Serikali imetenga fedha wilayani," alisema. "Ni za kuwakopesha wenye biashara ndogo. Huhitaji kuweka rehani ng'ombe wala nyumba ya bati. Unahitaji wenzako wanne. Mkiwa watano mnadhaminiana. Anakopa mmoja. Akimaliza kurudisha, anakopa mwingine. Akikwama, msaidieni, maana asipolipa yeye, wa pili hapati."

Coletha, kiongozi wa kikundi cha kulima, alisimama haraka.

"Sisi kikundi tunacho. Tunalima kwa zamu, leo kwangu, kesho kwa Mama Pantaleo. Tumepungukiwa mmoja tu. Kamfuata mume wake kwenye dhahabu Geita. Tumebaki wanne."

"Wa tano ni mimi," alisema Lukresia.

Coletha hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake haukuwa na komeo.

"Mdogo wangu, tusidanganyane. Jembe hushiki. Hujawahi kulima kwetu, na sisi hatujalima kwako. Utatudhamini kwa kitu gani?"

Ndivyo kijiji kilivyokuwa. Waliolima pamoja walikula pamoja, wakaimba pamoja. Lukresia hakulima, kwa hiyo hakualikwa kula. Hakuna aliyemchukia. Walimsahau tu, na hilo lilimuuma zaidi.

"Mama, hapa hatutafuti mwenye nguvu za kulima," alisema Generosa. "Tunatafuta mwenye kazi inayoingiza kitu, na anayetimiza ahadi. Haya, nani anamdai Lukresia?"

Hakuna aliyeinua mkono. Kisha Mama Pantaleo akasema, "Mimi humwazima sukari. Huirudisha kabla sijakumbuka kwamba nilimpa."

Wakacheka. Coletha akajikuna kichwa.

"Basi, aingie. Na kwa kuwa sote tunaogopa huu mkopo, yeye aanze!"

Fedha zilipofika, Telesphori, mume wa Lukresia, alifurahi kama mtu anayeozesha binti.

"Mama Donatus, sasa wewe ni mtu wa kundi," alisema. "Kundi likimlimia mtu, yeye hulipa nini?"

"Pombe na nyama."

"Basi! Wamekuinua, nawe utawaacha wakavu?"

Lukresia aliijua desturi. Na moyo wake uliitaka. Kwa miaka mingi alisikia nyimbo za wakulima wakila kwenye nyua za wengine. Sasa wangekula uani kwake. Telesphori akaenda kwa Mihayo, mfugaji wa pale kijijini, wakakubaliana kuhusu mbuzi mnono. Habari zikaenea. Coletha alipopita njiani alipaza sauti, "Mayu, mama wee! Nasikia harufu ya nyama, na mbuzi bado anatembea!"

Siku mbili kabla ya sherehe, Generosa alifika kwa baiskeli.

"Pipa la tanuri liko wapi?"

"Bado, dada."

"Na unga?"

"Tutanunua kitakachobaki baada ya sherehe."

"Sherehe gani?"

Lukresia akaeleza, uso ukiwaka furaha. Generosa alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaketi karibu naye.

"Nieleze. Kundi likija kulima kwako, linakula nini?"

"Chakula cha mavuno yaliyopita."

"Halili mbegu?"

"Nani apike mbegu? Utapanda nini?"

"Basi fedha hii ni mbegu, dada yangu. Mavuno bado. Mbuzi huyo atakula tanuri lako lote. Siku ya kulipa utapeleka mifupa wilayani? Na hao unaotaka kuwalisha watakosa zamu zao."

Furaha ilimtoka Lukresia usoni.

"Nisipowalisha, watasema sikustahili kuingia," alisema polepole. "Nimengoja muda mrefu kuitwa mwenzao."

"Wenzako ni watu wa kuambiwa ukweli. Wageni ndio hufichwa."

Generosa akapanda baiskeli yake. Lukresia alikaa akiyageuza maneno yale. Kundi hulishwa likifanya kazi, aliwaza. Lakini kwangu kazi gani imefanyika? Mara akaishika fimbo, akainuka.

"Baba Donatus! Nenda ukamwambie Mihayo abaki na mbuzi wake. Ukirudi, pitia kwa Mohsin, uniletee pipa."

Mihayo alipopata habari alicheka. "Mbuzi huyu ana bahati kuliko mimi," alisema.

Siku ya sherehe wanawake walikuja wamependeza. Waliangalia huku na huku. Badala ya moto wa nyama waliona pipa, lundo la udongo na mitungi ya maji.

"Mbuzi katoroka?" aliuliza Coletha.

Lukresia alisimama mbele yao.

"Yuko kwa Mihayo, anakula majani. Dada zangu, mimi pia nilitaka nyama. Lakini mkopo huu ni mbegu yetu sote. Nikiula, nakula zamu zenu. Naomba mnijengee tanuri, kama mnavyolimiana mashamba. Mtakula kitakachotoka ndani yake."

Coletha aliangalia udongo. Akaangalia kitenge chake kipya. Akaangalia udongo tena.

"Sikuvaa hivi kwa ajili ya tope!" alisema. Kisha akakifunga kitenge kiunoni. "Haya, nani anamwaga maji? Mmesimama kama vigingi!"

Wakakanyaga udongo wakiimba nyimbo za shamba. Lukresia aliwaonyesha mdomo wa tanuri ukae wapi, na moshi utokee wapi. Walilifunika pipa kwa udongo mnene. Halafu ikabidi wangoje likauke. Coletha alipita kila siku kuligusa, akinung'unika kwamba njaa yake inazidi kukua.

Siku ya mkate wa kwanza wote walikuja. Lukresia aliutoa ukiwa na rangi ya dhahabu, akaukata, akawagawia na chai. Coletha alitafuna. Kwa mara ya kwanza watu wakamwona akikosa neno.

"Nipe kipande kingine," alisema mwishowe. "Nataka kuhakikisha."

Wakala uani kwa Lukresia, wakaimba uani kwa Lukresia.

Generosa alimfundisha njia ya kutunza fedha. "Ukishauza, tenga kwanza ya unga wa kesho. Kisha tenga ya mkopo. Kinachobaki ndicho chako. Usianze na cha kwako."

Lukresia alifuata hivyo. Madereva walisimamisha malori na kununua mikate ya safari. Mohsin alizoea kumpimia kwa kibaba. Sasa akimwona kwa mbali alimwita mchukuzi abebe gunia. Mkopo ulirudi wilayani wote, nao wanawake wakaitwa tena ofisini.

"Zamu ya nani?" aliuliza Generosa.

"Yangu," alisema Coletha. "Nataka kinu cha kusaga karanga."

"Nani wa kwanza kumdhamini?"

"Mimi," alisema Lukresia.

Coletha akamgeukia. "Umefikiri vizuri? Mdomo wangu unaujua."

"Nakudhamini wewe. Mdomo tutauvumilia."

Ofisi nzima ilicheka. Coletha alicheka kuliko wote, akamshika Lukresia mkono.

"Wabeja, mwenzangu. Asante. Lakini siku ya kufunga hicho kinu, kundi nitalilisha nini?"

"Karanga zako," alisema Lukresia, "juu ya mkate wangu."