Mtamba wa Karamu

"Kama yupo anayejua kizuizi cha ndoa hii, aseme," Padri Felisian alisema, huku tayari anafunua ukurasa mwingine. Lilikuwa tangazo la tatu, la mwisho.

"Mimi ninacho, Padri."

Kigango kizima cha Pito kikageuka. Aliyesimama ni Flavian, bwana harusi mwenyewe.

Mama mmoja nyuma akanong'ona kwamba lazima ana mke huko Wampembe. Mwenzake akasema wawili. Cornelia, bibi harusi, hakusikia lolote. Mdomo ulibaki wazi.

"Mwaka jana zizi la Nyanda nilifungua mimi," Flavian akasema. "Yeye alikuwa msibani. Nikaondoa miiba ya mlangoni, nikaswaga ng'ombe wake mpaka kwenye ulezi wa Mzee Adolfu."

Nyanda, kijana wa Kisukuma, ndiye aliyekuwa mchumba wa Cornelia kabla ya Flavian. Ng'ombe wake walikutwa asubuhi wamelala juu ya ulezi ulioiva. Mzee Adolfu, baba yake Cornelia, alisimama barazani na Biblia akasoma Kutoka: anayeachia mifugo yake ikala shamba la mwenzake atalipa kwa kilicho bora. Kama fidia wakamchukua mtamba wake mwekundu, jike ambaye hajazaa, aliyewapita wote kwa uzuri. Uchumba ukafa siku hiyohiyo, Nyanda akahamia Ilemba, kule bondeni.

Nje ya kanisa Cornelia alimshika Flavian shati.

"Ulikuwa umelewa?"

"Hapana."

"Ulikuwa na hasira?"

"Hapana. Nilipanga wiki nzima. Nilikutaka wewe."

"Sasa leo umesema ya nini? Ungenyamaza, si ungenioa."

"Jana baba yako alinituma nimfunge kamba ng'ombe wa karamu. Kumbe ni yule mtamba. Nikaona siwezi kumuoa mchumba wa Nyanda kwa nyama ya Nyanda."

Mzee Adolfu alikuwa amewafikia.

"Torati iliweka sadaka ya aliyekosa bila kujua," akasema. "Wa makusudi haikumwekea."

"Na Daudi, mzee?" Padri akauliza. "Alipomchukulia Uria mke na kumuua, ilikuwa bahati mbaya?"

Padri hakungoja jibu.

"Daudi alitubu, akasamehewa. Ila Uria hakurudi. Nyanda yupo hai. Mrudishieni kilicho chake."

Flavian akapiga magoti kwenye vumbi.

"Inuka, Flavi," Cornelia akasema. "Nimekusamehe. Kuolewa na wewe, hapana."

Mchana Cornelia akampigia simu Nyanda, akamweleza yote.

"Kwamba sikufungua mimi, hilo nilikuwa nalijua," Nyanda akasema. "Ninachokijua pia ni kwamba hukuniuliza."

Akakata simu.

Cornelia akaandika: "Ni kweli. Niliwaamini wote isipokuwa wewe." Ujumbe ukasomwa. Jibu halikuja.

Wiki hiyohiyo Flavian alimkabidhi Mzee Adolfu sehemu bora ya ulezi wake, kisha mtamba akapakiwa kwenye fuso, nao watatu wakateremka bondeni, Cornelia akiwa mbele kwa dereva. Huko Ilemba Flavian alirudia kila neno mbele ya majirani na mama yake Nyanda, bila kujitetea. Mzee Adolfu akavua kofia.

"Mwanangu," akamwambia Nyanda, "nilisoma mstari, sikumsikiliza mtu."

Nyanda alipiga mluzi mmoja tu. Mtamba akatikisa masikio, akapita katikati yao, akaingia zizini moja kwa moja.

Cornelia alibaki nje ya uzio wa miiba.

"Nimekuja kuuliza," akasema. "Ni wewe uliyefungua ng'ombe?"

"Siyo mimi."

"Nimekuamini."

Nyanda akasogeza pembeni miiba ya mlangoni.

"Ng'ombe kaingia bila kukaribishwa," akasema. "Wewe unangoja nini huko nje?"