Ukurasa wa Tatu wa Fomu ya Bima

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia kwanza dukani kwa baba yake, fundi cherehani. Jina hilo alibandikwa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na darasani hakuna aliyemzidi kusoma. Macho ya Baba yalikuwa yamechoka kwa kutunga uzi miaka mingi, hivyo maandishi madogo yote yalikuwa kazi ya Chiriku: vipimo vya wateja, barua za shule, hata maelezo kwenye chupa za dawa.

Mwaka huo Baba alinunua boti ndogo ya injini, ya kutembelea ziwani siku za mapumziko. Majirani walimtania kwamba sasa ataanza kuwashonea samaki suruali. Hawakujua kwamba aliinunua kwa ajili ya dada yake Chiriku, aliyetembea kwa magongo tangu utotoni. Nchi kavu, Dada alizoea kuachwa nyuma. Ndani ya boti yeye ndiye aliyeshika usukani, na wengine wote walikwenda alikotaka. Kwa kuwa hakuweza kupandia mchangani, boti iliachwa majini, imefungwa gatini siku zote.

Wakala wa bima, mama mmoja mpole, aliwaletea fomu ya kurasa nne. Aliwaeleza kwamba bima ndogo ingelipa tu hasara watakayowatia wengine, kama vile kugonga boti ya mtu. Bima kubwa ingelipia na boti yao wenyewe. Baba alichagua kubwa.

"Maswali ya ukurasa wa tatu ndiyo yanayoamua mnalindwa na nini hasa," wakala alisema akiinuka. "Msiyaruke. Msipoelewa, niulizeni."

Jioni hiyo Chiriku alimsomea Baba ukurasa wa kwanza na wa pili, huku sikio lake likiwa uwanjani, ambako wenzake walishaanza mechi ya netiboli. Ukurasa wa tatu ulikuwa na maandishi madogo yaliyobanana. Aliufunua upesi, akamwonyesha Baba mahali pa kutia sahihi.

"Umesoma yote?" Baba aliuliza.

"Nimesoma yote, Baba."

Baba akatia sahihi, naye Chiriku akatoka mbio.

Miezi miwili baadaye dhoruba ilivuma mchana kutwa. Mawimbi yaliipigiza boti kwenye nguzo za gati mpaka ubavu ukapasuka, ikazama pale pale ilipofungwa. Dada alikwenda kuitazama asubuhi yake. Alisimama kwenye magongo yake kwa muda mrefu, kisha akaomba arudishwe nyumbani.

Ofisini, wakala alifungua ukurasa wa tatu, akaukuta mtupu. Palikuwa na swali kama boti inakaa majini, na kisanduku cha kutia alama ili ilindwe dhidi ya dhoruba ikiwa imefungwa. Bila alama hiyo, alisema kwa masikitiko, kampuni isingelipa. Baba aligeuka kumtazama Chiriku. Chiriku aliangalia sakafu.

Njia nzima Baba alifoka. Alisema mwanawe amesoma kila neno, kwa hiyo mama yule ndiye aliyewachezea. Huenda ukurasa ule aliuchomeka baadaye. Walipofika dukani alimwambia Chiriku achukue kalamu waandike barua kwa mkubwa wa kazi wa yule wakala.

"Andika kwamba mfanyakazi wake si mwaminifu," Baba alisema. "Andika kwamba ukurasa ule hatukuuona."

Chiriku aliandika tarehe. Aliandika salamu. Alipofika kwenye neno "si mwaminifu", aliweka kalamu chini. Alimkumbuka yule mama akisema msiyaruke.

"Baba, ukurasa ulikuwepo," alisema. "Niliuruka. Nilitaka kuwahi mechi. Nikakudanganya."

Baba alichukua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni. Hakumchapa wala kumgombeza, na Chiriku aliona heri angemgombeza. Dada alipoambiwa, aliuliza tu kama mechi walishinda. Walikuwa wamefungwa.

Kesho yake walikwenda kumwomba radhi wakala, kwa yote waliyomdhania. Aliwasamehe, lakini malipo hayakuwezekana. Mafundi wa gati waliivuta boti nje. Injini ilikuwa imekufa, ikabidi watafute nyingine iliyokwisha tumika. Baba na seremala waliziba ubavu kidogo kidogo kila walipopata nafasi, na Chiriku aliacha netiboli akawa anapiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Hata hivyo kazi ilichukua miezi saba. Dada alikwenda chuo, mji wa mbali, wiki mbili kabla boti haijarudi majini.

Safari hii fomu mpya ilisomwa mezani, Baba akisikiliza, wakala akiwa amekaa nao. Chiriku alisoma kila swali, ya ukurasa wa tatu akayasoma mara mbili, ndipo Baba akatia alama kwenye kisanduku cha dhoruba.

Wakala alipoondoka, Chiriku alisema laiti angesoma hivi mara ya kwanza, Dada angekuwa amepata msimu mzima wa kuendesha.

"Ni kweli, na siwezi kukurudishia msimu huo," Baba alijibu. "Mimi nami nina kosa, nilitia sahihi kitu nisichokijua. Lakini kuruka ukurasa ni uzembe tu. Ungeniambia siku ile ile, tungeusoma, yakaisha. Uliposema umesoma, ndipo ulipotuacha sote bila kinga. Mtu akiyaamini macho yako, mwanangu, mwambie ulichokiona na usichokiona."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kisha alichukua karatasi, akaanza kumwandikia Dada barua ya kumweleza kwamba boti iko majini.