Mama Alicheza Dukani

Waliohudhuria kikao cha ukoo, siku ya Jumamosi, saa nane mchana, nyumbani kwa marehemu Luc, mtaa wa Kimanga, mjini Uvira, ni hawa: Mzee Marcellin, mkulima wa Runingu, kaka mkubwa wa marehemu, Shangazi Nicole, dada wa marehemu, aliyetoka Sange, Mzee Habonimana, jirani na shahidi, Mama Pétronille, mjane wa marehemu, na Patient, mwana wa Mzee Marcellin, aliyeshika kalamu na daftari.

Noella hakuandikwa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na katika vikao vya ukoo watoto huitwa kuleta maji tu. Alikwisha kuyaleta. Sasa aliketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, jagi tupu juu ya magoti, akisikiliza. Jambo lililowakusanya wakubwa lilikuwa moja, na kila mtu alilijua: Mama Pétronille alikuwa amecheza mbele za watu kabla ya kuondolewa matanga.

Katika ukoo wao mjane hukaa matanga mwaka mzima. Hufungwa utepe mweusi kwenye mkono wa kushoto. Haendi harusini, haimbi isipokuwa kanisani, wala hachezi. Mwaka ukitimia, dada wa marehemu aliyeufunga utepe huo ndiye huufungua mbele ya watu wote. Luc, baba yake Noella, alikuwa mvuvi. Homa ilimlaza siku nne tu, na siku ya tano wakamzika. Tangu hapo ilikuwa imepita miezi minane.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo kikaoni walilijua watu wawili tu, Noella na mama yake.

Kila siku alfajiri, kabla ya kwenda shule, Noella alimsaidia mama yake kuanika ndagala, dagaa wa ziwani, ufukweni. Baba alipokuwa hai, samaki walitoka katika mtumbwi aliofanyia kazi. Baada ya kifo chake Mama alilazimika kuwanunua kwa wengine, beseni moja moja, na mvua ilipokuja ghafla, beseni zima liliharibika. Kwa hiyo alimantasyo mpya ilipofunguliwa kando ya barabara kuu, duka kubwa la vyakula lenye milango ya vioo, na tangazo likabandikwa kwamba wanatafutwa wauzaji, Mama Pétronille alirudi nyumbani na karatasi ya maombi, ameishika kwa ncha za vidole ili isinuke samaki.

Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, nayo Mama alisoma Kiswahili tu. Noella alikuwa wa kwanza darasani kwa Kifaransa. Alikaa mezani akajaza, na mama yake akawa anajibu huku akichambua mboga.

"Wanauliza kama umeolewa," Noella alisema.

"Andika mjane."

"Na hapa wanauliza vipaji vyako."

Mama alifikiri kidogo. Akasema aandike kwamba anajua kupima na kufungasha, na kwamba hajapata kumchelewesha mteja hata mmoja.

Noella alishika kalamu, lakini hakuandika. Alikumbuka maneno ya Junior, mwanafunzi mwenzake, aliyekuwa akifanya mzaha uwanjani juu ya duka lile jipya. Junior alisema kwamba kule wanataka watu wa kicheko, kwa maana hakuna anayenunua biskuti kwa mtu aliyetoka kilioni. Wenzake walicheka, kisha wakamwona Noella wakanyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kulikomchoma zaidi. Basi pale palipotakiwa "mjane", Noella aliandika "ameolewa". Pale palipotakiwa vipaji, aliandika kwamba mama huyu ni mtu wa furaha na ndiye anayeongoza wachezaji wa kwaya ya parokia.

"Nisomee ulichoandika," Mama alisema.

Noella akamsomea. Lakini alisoma yale aliyoambiwa, si yale aliyoyaandika.

Siku ya majaribio ilikuwa Alhamisi baada ya masomo. Mama Pétronille alivaa blauzi nyeupe ya mikono mirefu, kama tangazo lilivyotaka, na utepe wake ukafichika chini ya mkono wa blauzi. Njiani alikuwa akirudia kimoyomoyo majina ya bidhaa, maana alidhani ataulizwa hayo. Noella alimsindikiza, akasimama nje ya kioo pamoja na wapita njia.

Msimamizi wa duka, kijana mmoja aitwaye Bwana Sévère, hakumuuliza mtu yeyote habari za bidhaa. Aliwaambia waombaji kwamba muuzaji ni mtu asiye na haya, na kwamba leo atawapima haya zao. Kijana Kizito, mwenye diploma ya biashara, aliambiwa asimame mlangoni awike kama jogoo mpaka watu watatu wageuke. Aliwika. Waligeuka kumi. Mama mmoja mtu mzima aitwaye Anne alipewa mfuko wa mchele aubembeleze na kuuimbia kama mtoto mchanga. Aliimba huku jasho likimtiririka. Wafanyakazi wa duka walikuwa wameinua simu wakipiga video. Nje watu walicheka na kushauriana nani ashinde. Noella hakucheka.

Zamu ya mama yake ilipofika, Bwana Sévère aliisoma karatasi yake kwa sauti, kisha akatabasamu.

"Mama huyu ndiye anayeongoza wachezaji wa kwaya," alisema. "Basi leo tutafaidi. Weka kopo hili la maziwa kichwani, mama, utuzungukie duka."

Muziki ukafunguliwa. Mama Pétronille alisimama na kopo mkononi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwingine. Aliitazama karatasi. Halafu aligeuka taratibu, akamtafuta Noella nje ya kioo. Noella akainamisha kichwa. Hapo mama yake alielewa kila kitu. Angeweza kusema kwamba karatasi ile ni ya uongo. Ila angeulizwa aliyeiandika ni nani, na aliyeiandika alikuwa pale pale mbele ya watu na simu zao.

Mama akaweka kopo kichwani, akacheza.

Alicheza vizuri, kwa kuwa katika usichana wake alijua kucheza. Uso wake haukucheza. Alizunguka rafu za sabuni mara moja, akazunguka mara ya pili, na alipoinua mkono kulishika kopo lisianguke, mkono wa blauzi uliteremka. Utepe mweusi ukaonekana wazi. Bwana Sévère alipiga makofi. Pengine aliudhani ni pambo.

Wakirudi nyumbani, walipofika daraja la Mulongwe, Mama alisema, bila kumtazama, "Ulinisomea maneno yangu, ukaandika yako."

Habari mbili ziliwafikia siku moja, Ijumaa. Duka lilituma ujumbe kwamba Mama Pétronille amechaguliwa na ataanza kazi Jumatatu. Na video ile, iliyopita kutoka simu hadi simu, ilikuwa imekwisha kufika Sange.

Ndiyo maana sasa simu ya Shangazi Nicole ililazwa katikati ya meza. Alikuwa ameizima sauti, lakini picha zilikuwa zikienda.

"Wifi, tazama utepe huu," alisema. "Niliufunga kwa mikono yangu hii miwili, siku tunamzika kaka yangu. Weye umeugeuza kuwa pambo la kuuzia maziwa."

Alidai mambo mawili. La kwanza, mwaka wa matanga uanze upya kuanzia siku ya kwanza, kana kwamba miezi minane haikuwapo. La pili, Noella na mdogo wake wapelekwe Runingu wakalelewe huko, kwa kuwa mama aliyemsahau baba yao hawezi kuwafundisha kumkumbuka. Aliposema hayo alikuwa akilia, na hakuna aliyemwona kuwa mkorofi. Video ilikuwa pale mezani.

Mzee Habonimana aliuliza kwa upole kama kuna mtu aliyemlazimisha.

"Hakuna aliyenishika mkono," Mama Pétronille alijibu. "Niliambiwa nicheze, nikacheza."

Patient akaandika. Noella alisikia kalamu ikikwaruza karatasi.

Ni desturi yao kwamba kabla ya kukata neno, mkubwa wa kikao humuuliza mshtakiwa mara tatu kama ana la kuongeza. Mzee Marcellin aliuliza mara ya kwanza, na Mama akasema hana. Akauliza mara ya pili, Mama akatikisa kichwa. Noella alimtazama. Mama yake alikuwa amefunika utepe kwa kiganja cha mkono wa kulia, kama mtu anayezuia damu. Noella akaelewa kwamba mara ya tatu jibu litakuwa lile lile, na kwamba kesho yeye na mdogo wake watakuwa wamefunga vitu vyao.

Mzee Marcellin alifungua kinywa kuuliza mara ya tatu. Noella akaweka jagi chini, akasimama.

"Baba mkubwa," alisema, "karatasi ya duka niliiandika mimi."

"Noella, kaa," mama yake alisema.

"Mwache," alisema Mzee Marcellin.

Noella alieleza yote. Alieleza mzaha wa Junior, neno "ameolewa", kwaya ambayo mama yake hajapata kuiongoza, na jinsi alivyosoma kitu kingine na kuandika kingine. Hakuruka kitu. Alipomaliza, Shangazi Nicole alichukua simu yake, akaizima.

"Kwa nini hukusema, wifi?" aliuliza.

"Ningesema nini? Simu zilikuwa zimeinuliwa. Mimi nimezoea kutazamwa, mjane hutazamwa. Yeye ana miaka kumi na mitatu."

Mzee Marcellin alimwita Noella karibu na kiti chake.

"Sisi kule Runingu tunagawana maji ya mfereji mmoja," alisema. "Kuna anayeufungua kwa siri akidhani anamwagilia mpunga wake tu. Asubuhi hukuta tuta la jirani limebomoka. Ndivyo ulivyofanya, mwanangu. Ulitaka mema, hilo nalijua. Lakini uliona kweli ya mama yako kuwa ni doa, ukaifunika, na yeye ndiye aliyebomoka. Ujane wake si aibu. Aibu ni ya anayeomba kicheko kwa mtu kabla hajamuuliza habari zake. Hata hivyo, mlango wa aibu hiyo uliufungua wewe, na leo umeufunga kwa kinywa chako mwenyewe. Kuufunga ni kazi ngumu kuliko kuufungua."

Kisha akamgeukia mwanawe. "Patient, rudi juu, penye majina ya waliohudhuria. Ongeza Noella. Aliyesema kweli kikaoni si mleta maji tu."

Patient akaandika. Mzee Marcellin akasimama, na wengine wote wakasimama.

"Sikilizeni neno la kikao," alisema. "Mwaka wa matanga hauanzi upya. Miezi minane iliyokwisha kukaliwa imekaliwa, na Nicole atamfungua wifi yake siku ile ile tuliyoipanga. Watoto watabaki na mama yao hapa Kimanga. Jumatatu asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, mimi na Noella tutakwenda kwa Bwana Sévère. Noella atalifuta neno 'ameolewa' kwa mkono wake, aandike 'mjane'. Mimi nitamwomba aifute video ile. Baada ya hapo, kazi ikiwapo, Pétronille ataifanya. Isipokuwapo, ataendelea kuanika ndagala, nasi wa Runingu tutaleta mchele katika nyumba hii mpaka mwaka utimie. Ndivyo tulivyoamua."