Pembe Chini ya Kitambaa

Kila masomo yalipokwisha, Dehbia alikuwa wa kwanza kubisha mlango wa chumba cha mwisho cha shule yetu, nami niliyeshika funguo nikamfungulia. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuwa mtu wa kuwahi popote pengine. Lakini mle ndani wanafunzi sita walikuwa wakitengeneza filamu ya katuni, na ni yeye aliyeaminiwa kumshika Tiziri.

Tiziri alikuwa sanamu ya udongo, msichana wa miaka kumi na minne, baba yake mtu, mama yake zimwi. Upande wake wa kulia ulikuwa kama wetu sote. Wa kushoto ulikuwa na manyoya ya mbuzi na pembe moja, ambayo aliificha chini ya kitambaa ili wenzake darasani wasimkimbie. Dehbia alimsogeza kiasi cha punje ya ngano, na Akli, mwenzake aliyeshika kamera, akapiga picha. Akamsogeza tena, Akli akapiga tena. Picha kumi na mbili zilitoa sekunde moja tu ya filamu. Nimewaona mafundi wengi katika milima yetu ya Kabilia, lakini uvumilivu wa watoto wale nausifu mpaka leo.

Filamu ilikuwa ionyeshwe siku ya Yennayer, mwaka mpya wetu, mbele ya kijiji kizima. Zikiwa zimebaki siku tano, Mwalimu Belaid aliwaonyesha sehemu waliyoimaliza, ile ambayo Tiziri anavua kitambaa mbele ya darasa lake. Akavua. Pembe ilikuwa upande wa kulia, na katika kumsogeza punje kwa punje hakuna aliyekuwa ameliona.

Picha mia mbili na arobaini zilikuwa zimeharibika. Mwalimu akauliza ni nani aliyeibandika pembe vile. Macho yote yakamgeukia Akli, kwa kuwa ndiye aliyemlaza Tiziri sandukuni kila jioni. Mmoja akasema mikono ya Akli ni mizito kama miiko, wengine wakacheka.

"Labda ni mimi, Mwalimu," Akli akasema polepole. "Sikumbuki."

Dehbia alikumbuka. Siku moja alikula tini kavu huku amemshika Tiziri, ingawa kula mezani pale kulikatazwa. Pembe ilinata kwenye vidole vyake vya tini ikang'oka, akaibandika haraka na kuifunika kwa kitambaa kabla mtu hajaingia. Sasa alijua kwamba akisema, sanamu atapewa mwingine. Akanyamaza. Mwalimu akamwambia Akli asiguse tena kamera wala sanamu mpaka filamu iishe, na Akli akachukua mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya Bibi Wiza, bibi yake Dehbia, mfinyanzi aliyewapa udongo wa Tiziri. Yeye ndiye angetoa sauti ya mama zimwi. Alifika saa nane mchana, jua linawaka, akagoma. Kwetu hadithi haisimuliwi mchana. Ukiisimulia, watoto wa ukoo wako huota upara.

"Nina wajukuu kumi na mmoja, wote wana nywele," alisema. "Mtazameni mwalimu wenu. Mama yake alikuwa hangoji giza."

Mwalimu Belaid alijipapasa kichwa kinachong'aa, akacheka kuliko wote. Akanituma nilete mablanketi. Tukaziba madirisha mpaka chumba kikawa giza totoro, na Bibi Wiza akaridhika kwamba usiku umeingia.

Hakupewa karatasi, maana hajui kusoma. Aliambiwa tu kwamba binti anaficha pembe na mama yake anataka kumshauri. Akakohoa kidogo, kisha ikatoka sauti nzito na ya upole, ya zimwi mwenye uchungu wa mwana.

"Mwanangu, pembe unayoificha haiachi kukua. Inakua kuelekea ndani."

Maneno hayo hayakuandikwa popote. Kisha tukasikia mtu analia.

"Ni mimi, Bibi," alisema Dehbia. "Pembe niliibandika mimi. Akli hana kosa."

Akaeleza yote, tini na kitambaa. Mwalimu akaniomba niondoe blanketi moja ili mlango uonekane.

"Nenda kwa Akli kwanza," alisema. "Mambo ya sanamu baadaye."

Dehbia alikimbia mpaka kwa kina Akli, ng'ambo ya chemchemi. Akli alikasirika, na alikuwa na haki, kwani usiku kucha alijaribu kukumbuka kosa ambalo hakulitenda. Mwishowe akasema atarudi, lakini yeye ndiye atakayemshika Tiziri, na Dehbia atashika taa.

Ikawa hivyo. Kwa siku tatu walipiga picha zote upya, na Dehbia alishika taa mpaka mikono ikamuuma, bila kunung'unika. Walipofika pale pa kuvua kitambaa, Akli aliinua kichwa.

"Hapa mvue wewe," alimwambia. "Ila nioneshe mikono kwanza, isije ikawa na tini."

Siku ya Yennayer tulikula kuskusi ya ngano kwa kuku, tukangoja jua lizame, maana Bibi Wiza alikataa filamu ianze kabla. Tiziri alipovua kitambaa, pembe ikiwa kushoto kwake, hata wazee wanaosema katuni ni za watoto waliinuka vitini. Wenzake wa darasani hawakukimbia, mmoja alisogea akaigusa ile pembe. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Baadaye Bibi Wiza alimvuta mjukuu wake kando.

"Chungu chenye ufa, nikikipaka udongo mwembamba juu, kwa macho kinapendeza," alisema. "Motoni kinapasuka, na kinavunja cha jirani yake. Kosa lako lilikuwa dogo, mjukuu wangu. Ulipolifunika ndipo likampiga Akli. Siku nyingine useme mapema, udongo ungali mbichi."

Kisha akampapasa nywele, kuhakikisha kwamba zote zipo.